Kinachoonekana Ukiwa Pembeni

Watu wengi wakizungumzia makundi yaliyosukumwa pembeni, huzungumzia huruma: wapewe nafasi, wasikilizwe, wasionewe. Sina ugomvi na anayesema hivyo kwa moyo mweupe. Lakini mimi ni kiziwi tangu utotoni, na maisha yangu kati ya wanaosikia yamenifundisha kwamba aliye pembeni ana kitu ambacho walio katikati wanakikosa. Anauona mpangilio wa jamii kutoka upande ambao wao hawajawahi kusimama. Swali ni kama kuona huko kunaweza kuitikisa fikra inayotawala na kuibadili jamii, au kunabaki kuwa uchungu wa mtu na nafsi yake. Naamini kunaweza. Nimekuona kukitokea, kwa mambo madogo na kwa makubwa. Ila kuonewa peke yake hakutoshi kumpa mtu uwezo huo.

Masikio yangu yalikufa kwa homa ya uti wa mgongo nikiwa bado madarasa ya chini. Nikahamishiwa shule ya viziwi ambayo ilifuata mkondo mmoja tu: mtoto kiziwi afundishwe kutamka na kusoma midomo, na mikono itulie. Mwalimu alinishikisha koo lake nihisi mtetemo, kisha akauhamishia mkono wangu kwenye koo langu nitoe mtetemo kama ule. Kwa herufi P, alinishikia kipande cha karatasi mbele ya mdomo. Karatasi ikipepea umefaulu, isipopepea unarudia. Tatizo ni kwamba P na B zinafanana kabisa midomoni, kwa hiyo asubuhi nzima iliweza kuishia hapo, kati ya karatasi na koo, wakati watoto wenzetu wanaosikia walikuwa wanajifunza kwa nini mvua inanyesha. Aliyeonekana akizungumza kwa alama alichapwa mikono hiyohiyo aliyoitumia.

Elimu yetu ilikuwa bwenini. Taa zikizimwa tulisogea dirishani, palipoingia mwanga wa taa ya nje, na hapo wakubwa walitusimulia hadithi, walitueleza yale ambayo mwalimu alikuwa ameyatamka mchana kutwa bila sisi kuyaambulia, walitaniana, waligombana, walisuluhishana. Walikuwa na lugha kamili na hakuna mtu mzima aliyewafundisha. Walirithi kwa waliowatangulia na wakaturithisha sisi. Pamoja na hayo, ungemuuliza yeyote kati yetu kama ile ni lugha, angekujibu kwamba ni ishara tu, kitu cha watoto wasioweza kusema. Aliyejua kutamka vizuri ndiye aliyeonekana ana akili, hata machoni petu sisi wenyewe. Wale ambao midomo yao haikutii tuliwacheka.

Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo ningetaka mtu alielewe kuhusu fikra inayotawala. Haikai kwa wenye mamlaka peke yao. Inaingia ndani ya yule inayemuumiza, naye anaitumia kumpima jirani yake. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba mnyonge kwa unyonge wake tayari anaujua ukweli. Tulikuwa tumeonewa na bado tulikuwa tunafikiri kwa vichwa vya waliotuonea.

Miaka mingi baadaye nilisoma mkondo ule ulikotoka. Septemba 1880, mjini Milan, Italia, walimu wa viziwi kutoka Ulaya na Marekani walifanya mkutano. Wajumbe walikuwa 164, wengi wao Waitaliano na Wafaransa. Kiziwi alikuwa mmoja, James Denison wa Marekani. Walipitisha azimio kwamba njia ya kutamka ni bora kuliko alama na ndiyo itumike kuwafundisha viziwi. Waliopinga walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Shule zikaanza kuondoa alama darasani, walimu viziwi wakapoteza kazi zao, na uamuzi wa juma lile ukasafiri nchi baada ya nchi mpaka ukalifikia koo langu mimi.

Ninaporudia kusoma habari zake, kinachonigusa zaidi ni nia njema ya wale watu. Waliamini kwamba anayesema kwa mdomo ndiye binadamu aliyekamilika na kwamba wanatuvusha kwenda kwenye ubinadamu huo. Hawakuona haja ya kutuuliza kwa sababu jibu walikuwa nalo. Fikra ikishafika hatua ya kutoonekana kama fikra tena, ikawa ndiyo hali ya dunia ilivyo, mtu mwema anaweza kuitekeleza maisha yake yote na akazikwa kwa heshima. Mwalimu wangu wa karatasi alikuwa mtu mwema.

Baada ya shule nilijiunga na chama cha viziwi, na huko ndiko kichwa changu kilikofunguka. Kulikuwa na mzee mmoja, seremala, aliyekuwa na namna ya kusimulia ambayo sijaiona kwa mwingine. Jioni moja alisimama mbele yetu akasimulia habari za Chuo Kikuu cha Gallaudet kilichoko Washington, chuo cha viziwi kilichoanzishwa mwaka 1864, ambacho tangu kuanzishwa kwake kilikuwa kimeongozwa na marais wanaosikia tu. Machi 1988 walibaki wagombea watatu wa urais, wawili viziwi na mmoja anayesikia. Bodi ikamchagua anayesikia. Mzee akainua mabasi kwa mikono yake, akayaegesha mbele ya malango ya chuo, akatoa upepo kwenye matairi moja baada ya jingine mpaka tukayaona yamelala. Akatuingiza ukumbini, mwenyekiti wa bodi anajitahidi kuhutubia huku king'ora cha moto kinalia, analalamika kwamba kwa makelele yale hawezi kusikika, na mbele yake wamejaa wanafunzi ambao hawasikii makelele yoyote. Tuligonga meza kwa furaha.

Kilichofuata alikisimulia polepole. Wanafunzi walikuwa na madai manne: rais ajiuzulu na achaguliwe kiziwi, mwenyekiti wa bodi aondoke, viziwi wawe wengi katika bodi, na asiadhibiwe mtu. Ndani ya wiki moja walipata yote manne. I. King Jordan akawa rais wa kwanza kiziwi wa chuo kile. Mzee hakuficha kwamba Jordan mwenyewe, siku za mwanzo za mgomo, alikuwa ameukubali hadharani uamuzi wa bodi kabla ya kugeuka na kusimama na wanafunzi. Alilisema hilo bila kumlaumu. Alitaka tujue kwamba hata yeye ile fikra ilikuwa ndani yake.

Siku ile ndipo nilipoelewa kwamba mtazamo wa walio pembeni hautoki kwa mtu mmoja akiwa peke yake. Unatengenezwa. Mtu akiwa peke yake na shida yake, huiona kama aibu yake. Wakikaa kumi na wakagundua kwamba wote karatasi ilikataa kupepea, wanaanza kuitilia shaka karatasi. Ningekuwa na uwezo ningemwambia kila anayetaka kubadili jamii aanze kwa kutafuta chumba ambamo watu wa aina moja wanaweza kusimuliana bila kumwogopa msikilizaji. Kabla ya hapo hakuna la kuwaambia walio katikati, kwa sababu bado tunayasema maneno yao.

Na kabla ya Gallaudet kulikuwa na kazi ya kimya ya miaka mingi ambayo haikupata magazeti. Mwaka 1913 George Veditz, aliyewahi kuwa rais wa chama cha kitaifa cha viziwi cha Marekani, alisimama mbele ya kamera ya filamu akahutubia kwa alama ili lugha hiyo isipotee, wakati shule zilikuwa zinaifuta. Mwaka 1960 profesa wa Kiingereza anayesikia, William Stokoe, ambaye alikuwa akifundisha hukohuko Gallaudet, alichapisha uchambuzi ulioonyesha kwamba alama za viziwi wa Marekani zina muundo wa lugha kama lugha nyingine yoyote. Wenzake walimbeza, na baadhi ya waliombeza walikuwa viziwi. Mwaka 1965 alitoa kamusi pamoja na viziwi wawili, Carl Croneberg na Dorothy Casterline. Bila ushahidi wa namna hii, wanafunzi wa 1988 wangekuwa watu wenye hasira tu. Walikuwa na hasira na hoja, na hoja ilikuwa imetangulia kwa karibu miaka thelathini.

Nisije nikaonekana nazungumzia historia ya wengine tu, nisimulie yaliyonipata kazini.

Nilikuwa ofisini, nimeupa mgongo mlango, nimezama kwenye kazi. Nilipoinua kichwa, viti vyote vilikuwa vitupu. Koti la jirani yangu lilikuwa bado linaning'inia kwenye kiti chake, skrini zinawaka, droo moja imeachwa wazi. Nilikwenda dirishani nikawaona wenzangu wote wamekusanyika nje, mmoja ana karatasi anawahesabu. Yalikuwa mazoezi ya dharura ya moto. King'ora kilikuwa kimelia kwa muda mrefu, na jengo lote lilikuwa limepata habari isipokuwa mimi.

Aliyekuwa anasimamia usalama aliniandikia barua ya kuomba radhi, na naamini alitoka moyoni. Akaja na pendekezo: ateuliwe mtu mmoja ambaye king'ora kikilia atakuja kunigusa bega. Nilimwandikia maswali. Akiwa likizo? Nikiwa chooni? Tukiwa wote wawili tumekwenda maeneo tofauti? Kila swali alilijibu kwa kuniongezea mtu mwingine wa kunigusa bega. Tuliendelea hivyo mpaka nikaona kwamba tunajadili kitu kisicho chenyewe. Yeye alikuwa anauliza, tufanye nini na mtu asiyesikia? Nilimwomba tuulize, kwa nini jengo linatoa taarifa ya hatari kwa njia moja tu?

Swali hilo tulilipeleka kwenye kikao cha wafanyakazi wote, nami nikiwa na mkalimani. Hapo wakaanza kujitokeza watu nisiowatarajia. Wanaofanya usafi walisema mashine ya kusugua sakafu inapofanya kazi hawasikii lolote. Mlinzi anayekaa karibu na jenereta akasema vivyo hivyo. Mhasibu mmoja wa makamo, ambaye nilimjua kwa miaka, akakiri kwamba sikio lake moja halifanyi kazi vizuri na kwamba alikuwa anawafuata watu wakiinuka bila kujua sababu. Hakuna kati yao aliyewahi kusema. Kila mmoja alidhani ni tatizo lake binafsi, na pengine waliogopa kuonekana hawaiwezi kazi. Taa za kumwekamweka zikafungwa kwenye korido, vyooni na chumba cha jenereta.

Nimeyasimulia haya kwa urefu kwa sababu naona ndani yake namna jambo linavyofanya kazi. Mimi niliyeachwa nyuma niliona kasoro ya jengo ambayo iliwahusu wengi. Wao walikuwa nayo kila siku na haikuwa na jina. Jamii haikubadilika kwa kunionea huruma. Pale nilipoonewa huruma nilipewa mtu wa kunigusa bega. Ilibadilika swali lilipohama kutoka kwenye sikio langu kwenda kwenye ukuta wa jengo.

Uhamisho wa namna hiyo una historia yake, tena kubwa kuliko ofisi yetu. Mwaka 1972 Mwingereza aitwaye Paul Hunt, mwenye ulemavu wa mwili, ambaye alikuwa ameishi kwenye makazi ya kutunzia walemavu, aliandika barua kwenye gazeti la The Guardian akiwaita wenzake waungane. Kikatokea kikundi kinachojulikana kwa kifupi UPIAS, ambacho mwaka 1976 kilitoa andiko likisema wazi kwamba mwili wenye hitilafu ni jambo moja na kuzuiwa kushiriki katika jamii ni jambo la pili, na hilo la pili ni kazi ya jamii. Watu waliokuwa wanahesabiwa kuwa mzigo waliigeuza hesabu. Miaka 30 baadaye, tarehe 13 Desemba 2006, Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliojadiliwa huku watu wenye ulemavu wenyewe wakiwa ndani ya vyumba vya majadiliano. Kifungu chake cha 2 kinasema lugha ni pamoja na lugha ya alama. Nililisoma sharti hilo mara nyingi siku nilipolipata. Lile tulilokuwa tukilifanya dirishani kwa kujificha sasa lilikuwa kwenye sheria ya kimataifa.

Lakini kuona peke yako hakukufikishi popote kama mwenye uamuzi hana sababu ya kukuamini. Tarehe 10 Desemba 2013 dunia nzima iliangalia ibada ya kumkumbuka Nelson Mandela katika uwanja wa mpira Johannesburg. Kando ya marais waliokuwa wanahutubia alisimama mwanamume aliyetambulishwa kuwa mkalimani wa lugha ya alama. Nilikuwa naangalia pamoja na watu wanaosikia. Walivutiwa naye. Mmoja alinigeukia akaniashiria kwa kidole gumba kuwa angalau leo na sisi tumekumbukwa. Mimi nilikuwa nimeduwaa. Ile mikono ilikuwa haisemi kitu. Uso wake ulikuwa umekufa, na kwetu uso ni nusu ya sarufi. Simu yangu ilianza kutetemeka kwa ujumbe wa viziwi wenzangu, kila mmoja akiuliza kama na mwenzake anaona anachokiona yeye.

Fikiria hali hiyo. Mamilioni ya watu wanaangalia picha moja, wamo marais na wanahabari wakubwa wa dunia, na wanaojua kwamba kilicho mbele yao ni uongo ni kundi lile ambalo kwa kawaida huhesabiwa kuwa ndilo lisiloelewa kinachoendelea. Wilma Newhoudt-Druchen, mbunge kiziwi wa Afrika Kusini, alilisema hadharani sherehe ikiwa inaendelea. Viongozi wa viziwi nchini humo walieleza baadaye kwamba walishawahi kumlalamikia mtu huyohuyo na hawakujibiwa. Walikuwa wameona mapema. Kilichokosekana ni kiti kwenye meza ambapo mkalimani anateuliwa.

Habari ile ilizunguka dunia kama kichekesho. Viziwi wa Afrika Kusini walikataa iishie hapo. Waliendelea na madai yao ya muda mrefu, na tarehe 19 Julai 2023 Lugha ya Alama ya Afrika Kusini ikatiwa saini kuwa lugha rasmi ya 12 ya nchi hiyo. Sisemi kwamba aibu ya 2013 ndiyo iliyoleta sheria ya 2023. Madai yalikuwepo kabla na yangeendelea bila aibu hiyo. Nasema kwamba walikuwa wamejipanga, kwa hiyo nafasi ilipofunguka walikuwa na la kusema na watu wa kulisema. Kenya nayo, kwenye Katiba ya mwaka 2010, iliiweka lugha ya alama kuwa moja ya lugha rasmi za Bunge. New Zealand ilitangulia kwa sheria ya mwaka 2006. Na Julai 2010, mjini Vancouver, Kanada, mkutano wa kimataifa wa elimu ya viziwi, wa mfululizo uleule uliotoa azimio la Milan, uliyakataa maazimio ya 1880 na kueleza masikitiko yake. Ilichukua miaka 130.

Sasa kuna jambo ambalo wanaharakati wenzangu hawapendi niliseme, nami nalisema kila nikipata nafasi. Pembeni nako kuna katikati yake.

Kwenye chama chetu tulikuwa tunakaa viti vya mistari, mbele kwa nyuma. Kwa wanaosikia huo ni mpangilio wa kawaida. Kwa viziwi, anayekaa nyuma hawezi kuona anachosema aliye mstari wa katikati bila huyo kugeuka, na akiinua mkono kuomba nafasi wa mbele hawamwoni. Wanawake wengi walikuja na watoto wadogo, wakachelewa, wakakaa nyuma. Kwa hiyo katika chama kilichoundwa kupinga kutosikilizwa, nusu ya wanachama walikuwa hawasikilizwi, na sisi wa mbele tulisema kwamba akina mama hawapendi kuchangia. Ni mwanachama mmoja mwanamke aliyekuja mapema siku moja, akavuta viti vyote vikawa duara, akakaa kusubiri. Kikao kile kilichukua muda mrefu kuliko vyote, kwa sababu mambo ya miaka yalitoka: wajawazito wanaofichwa majina ya dawa wanazopewa, wasichana viziwi wanaonyanyaswa wakijua hakuna polisi atakayewaelewa. Tulikuwa hatuyajui. Tulikuwa hatuyajui kwa sababu ya viti.

Marekani ina mfano mkubwa wa jambo hilohilo. Wakati wa ubaguzi wa rangi katika majimbo ya kusini, watoto viziwi weusi walisomeshwa katika shule zao peke yao, zenye fedha kidogo. Katika shule za weupe njia ya kutamka ilisimamiwa kwa ukali. Katika shule za weusi haikusisitizwa sana, kwa kuwa hazikujaliwa. Kutokana na kutojaliwa huko lugha yao ya alama ilihifadhi mitindo ya zamani ambayo kwa weupe ilififia, kwa mfano kutumia mikono miwili kwa alama ambazo wengine walizipunguza kuwa za mkono mmoja. Waliosukumwa pembeni ya pembeni ndio walioitunza hazina. Siwezi kuusifu ubaguzi kwa hilo. Ninachosema ni kwamba anayetafuta maarifa ya viziwi akaishia kwa viziwi wenye nafasi amepata sehemu tu.

Andrew Foster alitoka katika ulimwengu huo. Alizaliwa Alabama mwaka 1925, akapoteza usikivu akiwa na miaka 11 kwa ugonjwa uleule ulionipata mimi, na mwaka 1954 akawa mtu mweusi wa kwanza kuhitimu Gallaudet. Mwaka 1957 alifika Ghana akaanzisha shule ya viziwi, kisha akaenda nchi moja baada ya nyingine barani Afrika, akaacha shule zaidi ya 30 kabla ya kufariki katika ajali ya ndege Rwanda mwaka 1987. Maelfu ya viziwi wa Afrika walipata elimu kwa sababu yake, na kumheshimu ni wajibu. Vilevile ni kweli kwamba alama alizofundishia zilitokana na za Marekani, na katika sehemu kadhaa ziliingia juu ya alama ambazo viziwi wa huko walikuwa nazo tayari. Mkombozi naye huja na lugha yake. Hili halipunguzi kazi yake. Linatudai sisi tuliofuata tuwatafute wazee wenye alama za zamani kabla hawajaondoka.

Kuna na ushindi ambao ni wa karatasi. Nakumbuka nilipokwenda kutibiwa nikiwa na dada yangu mkubwa. Nchi ilikuwa tayari imeridhia ule Mkataba, na ukutani palikuwa na bango kuhusu haki za wagonjwa. Daktari alimtazama dada. "Mwambie mdogo wako avute pumzi." "Muulize anaumwa tangu lini." Nilisoma midomo yake vizuri kabisa, nikajibu mwenyewe kwa sauti yangu ile ya kwenye karatasi, naye akaendelea kumtazama dada. Dada alikunja mikono akanyamaza, akaangalia dirishani, mpaka daktari hakuwa na mwingine wa kumtazama isipokuwa mimi. Nimewahi kuona watu wanaosikia wakitusaidia kwa kusema kwa niaba yetu. Msaada wa dada siku ile ulikuwa kukaa kimya, na sijapata mkubwa kuliko huo.

Nikiwa na hasira zaidi huwa ni juu ya glavu. Kila baada ya muda hutokea wabunifu wanaosikia na glavu zenye vihisio ambazo zinadaiwa kutafsiri lugha ya alama kuwa sauti. Wanapewa tuzo, wanapigwa picha, na wanasahaulika. Glavu haioni uso, nyusi, mabega wala mwelekeo wa mwili, mahali ambapo swali linatofautishwa na taarifa na kukataa na kukubali. Kiziwi yeyote angewaambia hivyo kwa dakika moja. Tena ni kiziwi ndiye anayetakiwa avae kitu mikononi ili anayesikia asisumbuke kujifunza hata alama moja. Ni Milan ileile, ila sasa ina betri. Hapo ndipo ninapoona kwamba fikra inayotawala haifi siku sheria inapobadilika. Hutafuta nguo mpya, na mara nyingi ni nguo ya kisasa inayopendeza.

Ndiyo maana siku hizi nguvu zangu nyingi naziweka kwa wazazi wa watoto wachanga. Zaidi ya 9 kati ya kila watoto 10 viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia, ambao wengi hawajawahi kukutana na kiziwi mtu mzima. Siku wanapoambiwa mtoto hasikii, wanaokuwa chumbani ni daktari, fundi wa vifaa vya kusikia, labda muuguzi, wote wanaosikia. Bado wapo wanaowashauri wasimfundishe mtoto alama ili asiwe mvivu wa kusema, hata pale anapoandaliwa kupandikizwa kifaa ndani ya sikio. Miaka ya mwanzo ya maisha ndiyo ubongo unapojenga lugha, na mtoto asiyepata lugha kamili katika miaka hiyo hulipa maisha yake yote. Sipingi vifaa. Napinga mtoto kusubirishwa bila lugha mpaka kifaa kionekane kama kimefanya kazi.

Mama mmoja alikuja kwetu na mtoto mgongoni, amelia mpaka macho yamevimba. Kupitia mkalimani aliniuliza, "Ataweza kuniambia akiumwa tumbo?" Nikamwonyesha alama ya maumivu, nikaipeleka kwenye tumbo, kisha kichwani, kisha kwenye sikio. Akazirudia. Akaniuliza ya maziwa, ya usingizi, ya mama. Alipofika ya mama aliifanya mara kadhaa mbele ya uso wa mwanawe, na akaanza kuniuliza mambo mengine: nilisoma wapi, nina watoto, kazini wananielewaje. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwona kiziwi aliyekua.

Kutokana na mazungumzo kama hayo, chama chetu kiliomba hospitali moja ituruhusu tuwepo siku wazazi wanapopewa majibu ya vipimo. Wamekubali kwa majaribio, wawili wetu kwa zamu. Tunachovutana sasa ni utaratibu wa siku hiyo. Wao wanataka wazazi wakutane kwanza na daktari, halafu fundi wa vifaa, halafu sisi mwishoni kama muda utabaki. Sisi tunataka kuwa chumbani tangu dakika ya kwanza, kabla neno la kwanza kuhusu mtoto halijasemwa, na barua ya pili ya kulidai hilo tumeshaipeleka.